Mjomba Maelekezo na Mbwa wa Nyumba ya Wageni

Mjomba wangu anaandika vitu ambavyo hakuna anayevisoma. Sisemi kwa dharau, yeye mwenyewe ndivyo anavyojitambulisha kwa wageni. Ukinunua pasi, feni au birika la umeme, ndani ya boksi utakuta karatasi nyembamba iliyokunjwa mpaka imechoka. Kwenye karatasi hiyo kuna lugha nyingi za watu, na mahali fulani karibu na mwisho kuna Kiswahili. Kiswahili hicho ni cha mjomba. "Usitumbukize kifaa majini." "Weka mbali na watoto." Watu huitupa karatasi pamoja na boksi. Hata sisi tulinunua birika, mama akaitupa karatasi yake kwenye taka, na mjomba amekaa pale pale mezani anasubiri chai.

Mtaani wanamwita Maelekezo. Jina limemkaa sawasawa, maana hata mdomoni maneno yanamtoka hivyo hivyo. Akiniamsha asubuhi husema, "Tikisa kabla ya kutumia." Nikinuna humwambia mama, "Dada, huyu amepata joto, subiri apoe kabla ya kumfungua."

Siku moja mama alimtuma misumari. Mwenye duka akamfungia kwenye kipande cha karatasi, na mjomba alipofika nyumbani akaona ni karatasi yake ya feni. Sentensi anayoipenda kuliko zote ilikuwa humo: "Feni ikitoa sauti usiyoielewa, izime, kisha kaa mbali nayo kidogo." Hilo neno "kidogo" ni lake. Wenye feni hawakuliandika, alilitia yeye ili msomaji asiogope sana. Karatasi ilikuwa imechanika kabla tu ya "kidogo". Mjomba alibaki ameishika ile misumari mpaka mama akamuuliza kama anasubiri iote.

Ndiyo maana kazi ya gemu ilipokuja, mjomba alianza kuchomekea shati hata akiwa anafanyia kazi mezani kwetu.

Kampuni moja ya mbali ilitaka gemu lake la kutisha liseme Kiswahili. Ni gemu la kuchagua. Watu wanne, dada na kaka yake, mpiga picha na dereva, pamoja na mbwa mmoja, wamepotea njia, wanaingia kulala katika nyumba ya wageni iliyofungwa zamani, na mwenye nyumba, ambaye hana uso, hapendi wageni waondoke. Mchezaji hapigi risasi wala haruki ukuta. Anasoma, kisha anachagua. Ufungue mlango au usifungue. Ujibu au unyamaze. Ukichagua vibaya mtu anakufa, na aliyekufa harudi, hadithi inaendelea bila yeye.

"Unaona?" mjomba aliniambia. "Humu asiyesoma anakufa. Hatimaye nimepata wasomaji."

Lakini kampuni haikumpa gemu zima. Ilimpa sura ya kwanza, ya majaribio. Apatikane mtu asiye wa familia, anayesoma Kiswahili tu, aicheze sura hiyo huku anarekodiwa, bila kudokezwa na mtu, na awafikishe wote alfajiri wakiwa hai. Akiweza, gemu zima ni la mjomba, na mwisho wake jina la mjomba litapita kwenye skrini. Akishindwa kwa sababu ya maneno, kazi anapewa mwingine na mjomba anarudi kwenye mabirika.

Kulikuwa na tatizo moja. Mjomba ni mwoga. Sentensi za kufasiri zilikuja kwenye jedwali, zimechanganywa kama karata, bila picha hata moja. Picha zilikuwa ndani ya gemu lenyewe. Alilifungua mara moja, akaona ngazi, akasikia mlango, akalifunga. Baada ya hapo akawa anaoga huku anaimba kwa sauti, ili tujue bado yuko hai.

"Mpwa wangu," akaniambia, "wewe ndiye mtu wa magemu hapa. Utakuwa macho yangu."

Hapa inabidi nijieleze. Shuleni ninajulikana kama msichana ambaye hajawahi kupoteza mhusika hata mmoja katika gemu la kutisha. Aliyeieneza sifa hiyo ni mimi. Njia yangu ni rahisi: natafuta mtandaoni mtu aliyekwisha kucheza, nakariri alichochagua, kisha nacheza mbele ya wenzangu nimekunja uso kama mtu anayefikiri. Sasa gemu hili lilikuwa bado halijatoka. Hakukuwa na wa kumnakili. Nilibaki na kanuni zangu mwenyewe, nazo ni mbili. Ukisikia sauti, usiende. Usiposikia sauti, usiende vilevile. Kwa kanuni hizo watu wangu wote walikufa wakiwa wamekaa.

Na si kwamba niliwaona wakifa. Nilicheza nimeukumbatia mto wa kochi usoni, sauti nimezima, nachungulia kwa jicho moja kama mtu anayenunua kitu cha magendo. Mjomba hakujua, maana alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, ameipa skrini mgongo.

"Mstari huu," akauliza. "'Sogea.' Nani anamwambia nani?"

"Dada anamwambia kaka yake."

"Asogee huku au asogee kule?"

"Asogee tu."

"Mpwa, hakuna kusogea tu. Anayeambiwa asogee huku anapendwa. Anayeambiwa asogee kule amechokwa."

Nilikuwa sijawahi kuliwaza hilo. Siku ile chakulani mama aliponiambia nisogee nilimuuliza, "Huku au kule?" Alinijibu kwa mwiko.

Ikafika sehemu ya chumba cha chini. Mjomba alikuwa amekwama.

"Hapa vitufe ni viwili. Dada ameshika mtu au kitu, anatakiwa avute au aachie. Lakini neno lao halisemi ni nani. Hebu angalia, amemshika nani?"

Niliushusha mto kidogo. Niliona giza. Niliona mkono. Niliona meno. Nikaurudisha mto mahali pake.

"Mtu," nikasema.

"Mtu gani?"

"Wa kawaida."

"Basi tuandike 'Mvute' na 'Mwache'. Kitufe chenyewe ni kidogo, hakibebi hotuba."

Akaandika, nami nikajisikia mtu wa maana sana katika fani ya tafsiri.

Mchezaji tuliyempata ni kinyozi wa jirani. Alifaa kabisa. Anasema Kiingereza kilipita darasani akiwa amesinzia, wala hakugeuka kukitafuta. Tena ana tabia ya kusoma kila kitu kwa sauti, hata kibao cha dukani kwake mwenyewe, kila asubuhi, kana kwamba anahakikisha hakijabadilisha mawazo.

Siku ya kwanza ilikuwa ya kujaribu tu, bila kurekodi. Tuliiweka kompyuta juu ya rafu, kati ya vitana na makopo ya poda. Mjomba akatafuta pa kuipa mgongo, akagundua duka la kinyozi lina vioo pande zote. Ikabidi afumbe macho. Mimi nilijificha nyuma ya mteja mmoja aliyekuwa kwenye kiti, kichwa kimenyolewa nusu. Kinyozi alikuwa amemwambia, "Nipe dakika, ndugu yangu, kuna watu wako hatarini," na mteja, badala ya kukasirika, akageuza kiti aone vizuri.

Kinyozi alicheza vizuri kuliko mimi, jambo ambalo halikuwa gumu. Alisoma kila mstari. Alisoma hata "Bonyeza popote kuendelea", tena kwa hisia. Akashuka chumba cha chini.

"Mvute," akasoma. "Mwache." Akashika kiuno. "Hapa mnanionea. Mbwa ametoka na watu hawa mbali kote huko, leo nimwache?"

"Mbwa gani?" mjomba akauliza, macho bado yamefumbwa.

"Huyu. Amemng'ata mwenye nyumba mguuni, na dada ameshika kamba yake."

"Usimwache," mteja akasema. "Mbwa kama huyo haachwi."

Kinyozi akabonyeza "Mvute". Dada akamvuta mbwa, mbwa akauachia mguu, na mwenye nyumba, mguu wake ukiwa huru, akawafuata wote wawili mpaka kwenye ngazi. Yaliyotokea kwenye ngazi siwezi kuyaeleza kwa sababu zinazoeleweka. Nilisikia mteja akisema, "Lo," halafu, "Na mbwa pia."

"Nimefuata utu," kinyozi akalalamika, "na utu umeniua. Kama mlitaka mbwa aendelee kuuma mngesema. 'Mwache' ni kumtelekeza."

Mjomba akafungua macho. Hakuitazama skrini. Alinitazama mimi.

"Mpwa. Ulisema ni mtu. Wa kawaida."

"Kwa mbali alikuwa kama mtu."

"Skrini ilikuwa pale mezani kwetu. Mbali ni wapi?"

Nikajaribu kusema kuhusu mwanga, kuhusu pembe ya kutazamia, na kadiri nilivyozidi kueleza ndivyo mto ulivyozidi kujitokeza kwenye maelezo, mpaka mteja akaunganisha mwenyewe.

"Ngoja nielewe," akasema. "Mfasiri haangalii kwa sababu anaogopa. Anayemwangalizia haangalii kwa sababu anaogopa. Sasa huko chini aliyeona ni nani?"

"Mbwa," kinyozi akajibu, akarudi kunyoa.

Tulirudi nyumbani. Rekodi ilitakiwa kesho yake. Nilitegemea mjomba agombe, lakini alikaa tu mezani akaanza kutafuta neno jingine, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"'Mwachie'," akasema.

Mama alikuwa amesimama mlangoni anavua viatu vya kazi. Mama ni mwalimu wa udereva. "Nimwachie nini?" akauliza.

Mjomba akafuta. "'Mfungulie'."

"Nani, mwenye nyumba? Ili aingie?"

Akafuta tena. Mimi nilikuwa nimepigwa na butwaa. Miaka yote nimefundishwa vitenzi shuleni, nikavipanga kwenye mistari, nikapata alama zangu, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ukiongeza silabi moja mtu anabadilika kutoka mwokozi kuwa bawabu.

"Mimi neno 'acha' silitumii kazini," mama akasema. "Kuna mwanafunzi alikuwa anaendesha huku anapiga gumzo. Nikamwambia, 'Acha.' Akaachia usukani."

"Ikawaje?"

"Tukaingia bustani ya watu. Sasa nasema 'breki' au nasema 'nyamaza'." Akavuta kiti. "Lakini mimi barabara naiona, mdogo wangu. Wewe unafundisha udereva ukiwa umelala chumbani. Fungua hilo gemu uangalie."

"Dada, unajua hali yangu."

"Naijua. Fungua."

Mjomba akaigeuza kompyuta. Mimi, kwa kuwa nilikuwa na deni la heshima, nilikaa pembeni yake bila mto. Nataka iandikwe kwamba niliangalia. Niliangalia hasa kona ya chini ya skrini, penye kitufe, lakini niliangalia.

Giza likaja, mkono ukaja, meno yakaja. Mjomba alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Halafu akarudisha nyuma, akaangalia tena. Mara ya tatu alikuwa amesogeza uso karibu kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Kamba," akasema. "Angalieni, kamba imezungushwa kwenye kiganja chake. Tumegombania mbwa muda wote huu, kumbe shughuli yote iko kwenye kamba."

Akaandika: "Vuta kamba." "Legeza kamba."

Mama akasoma, akasema, "Hata mwanafunzi wangu yule asingekosea," akaenda kubadilisha nguo.

Basi mjomba hakuinuka tena. Alianza jedwali upya, mstari na picha yake, mstari na picha yake. "Nyamaza" akaifanya "Nyamazeni", kwa sababu chini ya kitanda walikuwa wamejibanza wawili. "Sogea" ikawa "Sogea huku". Kuhusu mwenye nyumba alisema, "Hana uso, basi hana cha kunikasirikia," ingawa aliendelea kuoga akiimba.

Alipofika kwa dereva alisita. Dereva ndiye aliyewaleta wale watu, na kaka anapomwomba msaada anajibu kwamba kazi yake ilikuwa kuwafikisha tu. Jibu hilo mjomba alikuwa amelifasiri vile vile lilivyo. Sasa alimwona kwenye picha: wenzake wanalia, yeye anachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti. Mjomba akafuta, akaandika: "Mimi ni wa kuleta. Wa kurudisha tafuteni mwingine." Akacheka peke yake. Nilimuuliza kinachomchekesha ni nini, akasema, "Sasa anaongea."

Kesho yake tulirudi kwa kinyozi. Yule mteja naye alikuwepo, kichwa kimekamilika, hana shughuli yoyote pale. Alisema amepita tu. Alikuwa amekwisha kukaa.

Safari hii tulirekodi, na mjomba alisimama macho wazi. Kinyozi akaanza upya, akasoma kila kitu, na kila aliposoma niliona midomo ya mjomba ikicheza naye, kama mama anayemlisha mtoto anavyofungua mdomo wake mwenyewe. Chumba cha chini kikaja.

"Vuta kamba. Legeza kamba." Kinyozi hakufikiri hata kidogo. "Legeza. Mwache huyo mbwa afanye kazi yake." Kamba ikateleza, mbwa akang'ang'ania mguu, dada akapanda ngazi mbio, na baadaye kidogo mbwa akatokea dirishani akiwa na kipande cha suruali. Mteja alipiga makofi. Mimi niliona karibu robo ya tukio, na kwangu hayo ni maendeleo.

Ikabaki hatua moja. Alfajiri imekaribia, wako getini, dada, kaka, mpiga picha na mbwa. Dereva bado yuko ndani, anasikika akikimbia.

"Msubirini dereva," kinyozi akasoma. "Ondokeni."

Akaweka mikono kifuani.

"Nimeelewa," akasema. "Wakimsubiri, anapona."

"Ndiyo," nikasema.

"Simsubiri."

"Subira huvuta heri," mteja akamkumbusha.

"Heri, ndiyo. Haikusemwa dereva."

Nilimtazama mjomba. Kila kitu kilikuwa kwenye kidole cha kinyozi: gemu zima, jina kwenye skrini, mwisho wa mabirika. Neno moja tu lingetosha. Nikamfinya mkono. Hakusema. Nikaona sharti la kampuni halikumkataza mtu kukohoa, nikakohoa kwa maana.

"Binti, kunywa maji," kinyozi akasema, bila kugeuka.

Nikamnong'oneza mjomba, "Mwambie basi."

"Anasoma," mjomba akanijibu kwa sauti ya chini, kama tuko mahali pa ibada.

Kinyozi akabonyeza "Ondokeni". Geti likajifunga. Dereva akafika, akaligonga, na nyuma yake akafika mwingine. Jua likachomoza kwa watu watatu na mbwa.

Ndipo mjomba akauliza, taratibu, "Kwa nini?"

"Unaniuliza mimi? Wewe ndiye uliyemwandika," kinyozi akasema. "'Mimi ni wa kuleta. Wa kurudisha tafuteni mwingine.' Mtu akinijibu hivyo, nimshikie geti? Ningelala usingizi?"

"Kwa hiyo nimemuua mimi."

"Umemuua wewe. Mimi nimebonyeza tu."

Nilitegemea mjomba azimie. Alikuwa anatabasamu, tena tabasamu la kijinga kabisa, na kazi yake imekufa pale getini na dereva.

Rekodi ilikwenda hivyo hivyo. Jibu lilikuja jioni, fupi: katika lugha nyingine karibu wachezaji wote humsubiri dereva, kwa nini huyu wenu hakumsubiri? Mama akashauri aseme kitufe kilikwama. Mimi nikashauri aseme kinyozi alikuwa na povu machoni, na nilikuwa tayari kuwa shahidi, kwa kuwa mimi kutoona nina uzoefu nako. Mjomba akatuambia tunyamaze, kwa wingi. Akaandika kwamba mchezaji alielewa kila kitufe. Alijua dereva atakufa. Maneno hayakumpoteza, yalimkasirisha. Chini yake akawafasiria alichosema dereva kwa Kiswahili, neno kwa neno, akatuma, akaenda kukaa nje.

Tulisubiri hadi asubuhi ya Jumamosi. Msimamizi wa kampuni aliandika kwamba ofisini wamemsoma huyo dereva, na kwamba hata wao wasingemsubiri. Gemu ni la mjomba. Sura ya pili imeambatishwa.

Mjomba alitoka mbio na viatu vya ndani, nami nyuma yake. Kinyozi alikuwa ndiyo kwanza anafungua duka, anasoma kibao chake. Mjomba akamweleza yote kwa pumzi moja.

"Vizuri," kinyozi akasema. "Na wale watatu na mbwa, sasa wako wapi?"

"Nje ya geti. Barabarani, kwenye ukungu."

"Halafu?"

"Sijui, sijaifungua bado."

Kinyozi akamtazama toka juu mpaka kwenye vile viatu.

"Hujaifungua, na umesimama hapa unanichekea? Nenda kaandike, Maelekezo. Watu wako barabarani."